Soksi ya Pili

Jumatatu, 4 Mei
Asubuhi ukungu mzito, jua limechomoza saa tatu.

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto, na kwa kaka popote lori lilipomfikisha. Na kwa mama, ambaye najua amekaa hapo pembeni yako akisikiliza: shikamoo, mama. Masharti yako sijayasahau. Barua isomwe yote bila kuruka neno, na majibu yako yaandikwe yote bila kuruka neno. Tangu ulipoikataa simu, ukasema sauti isiyo na mtu ni sauti ya wafu, wifi amekuwa macho yako na mkono wako, nami namshukuru.

Mama, umeuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa sababu watu hapo mtaani wanasema naosha maiti. Siwaoshi. Mimi ni karani wa mochwari. Marehemu akifika naandika kwenye rejista jina lake, umri wake, aliyemleta, na maneno ya aliyemleta. Kisha Daktari anamchunguza, nami naandika anachoniambia. Daktari wetu amebakiza mwaka mmoja kustaafu na mzaha haumwishi. Kila asubuhi akiingia huwasalimu waliolala: "Hamjambo? Haya, msiinuke."

Lakini kuna jambo hafanyii mzaha. Tangu mwaka uanze wameletwa wazee kumi na mmoja, wote kutoka nyumbani kwao, na waliowaleta wote wamesema neno moja: uzee. Wanalia kweli, sisemi wanaigiza. Daktari siku hizi huanza na miguu. Wiki iliyopita aliniita nione kifundo cha mguu cha babu mmoja. Kulikuwa na mstari mweusi umezunguka kama pete. Akasema, "Karani, uzee hauachi alama ya kamba." Rejista haina safu ya kuandika jambo hilo, kwa hiyo naliandika kwenye shajara yangu. Kati ya kumi na mmoja, saba walikuwa nayo.

Nisamehe kwa habari hizi, lakini ni wewe uliyetaka yote.

Kuhusu kuja, nitajaribu mwisho wa mwaka. Unajua yaliyotokea mara ya mwisho, shangazi alipochukua kikombe nilichonywea akaenda kukitupa shimoni mbele ya watu. Sina kinyongo. Ila mtu akitupiwa kikombe, miguu yake huwa mizito kurudi.

Wifi, niandikie mama anaendeleaje. Anakula? Anatembea?

Wako,
Karani


Jumanne, 12 Mei

Mwanangu Karani,

Anayeandika ni mke wa kaka yako, maneno ni yangu.

Marahaba. Barua imefika na imesomwa. Pale kwenye kamba alisoma kwa sauti ndogo, nikamwambia rudia, akarudia. Anasoma vizuri siku hizi, ila anameza mate katikati.

Nakula. Usiniulize habari za chakula kama mtoto.

Mchana nyumba ikiwa tupu wageni wanakuja. Hawapigi hodi. Wanakaa pale mwisho wa kitanda, wanaangalia mikono yao. Mmoja ni mwanamke mzee kama mimi, amevaa soksi moja tu, mguu wa kushoto. Nikamuuliza, ya pili iko wapi? Akasema, naitafuta. Kila akitaka kusimama, kitanda kinamshika mguu. Nikamwambia, usishindane na kitanda, bibi wewe, kitanda kina nguvu, mimi nakijua.

Anataka kuja kwako. Anasema ulipo kuna baridi na huna blanketi. Nimemwelekeza njia: ukifika barabara kubwa, geukia upande jua linakotokea. Akifika mpokee. Usimwandike amekufa kwa uzee. Mwandike alikuwa njiani.

(Hapa mama ameinua kichwa. Anaangalia mlango.)

Basi. Mke wa mwanangu, weka jina langu.

Mama yako

Wifi, mimi sasa. Usishtuke, ni maneno ya uzee tu. Leo anamwona bibi wa soksi, juzi aliniambia nimempikia uji mtu asiyekuwepo, nikamjibu basi huyo asiyekuwepo ndiye ameosha bakuli. Alicheka mpaka akakohoa. Anakula, analala, hana homa. Kiwandani tumepewa kushona sare za shule tatu kwa mpigo, vidole vimekuwa na matundu kama chujio. Wewe na mafaili yako ya baridi endelea kustarehe, wifi mtu mkubwa.

Wako,
Wifi


Jumanne, 19 Mei
Mvua tangu alfajiri. Barabara ya mochwari imejaa maji, magari mawili yamekwama.

Wifi,

Barua hii usimsomee mama.

Nitaanza na tarehe, kwa sababu mimi ni mtu wa tarehe na zimenikosesha amani. Siku ya Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi, aliletwa bibi wa miaka kama themanini. Aliyemleta ni mwanawe wa kiume, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi. Nikamuuliza amekufaje, akasema uzee. Niliandika. Daktari alipofunua shuka, yule bibi alikuwa amevaa soksi moja. Mguu wa kushoto.

Daktari akamuuliza mwanawe, "Mbona soksi moja?"

"Mguu huo ulikuwa unasikia baridi, Daktari."

"Baridi ya kwenu inachagua mguu?"

Yule mtu akaangalia ukuta. Daktari akaivua ile soksi taratibu, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala. Chini yake kulikuwa na alama mbili, moja ya zamani imeshakuwa kovu, nyingine mpya juu yake. Aliyemfunga alikuwa ameweka soksi ili kitambaa kisimkate. Daktari alisema hilo ndilo linalomtisha kuliko yote. Mtu katili hafikirii soksi.

Jumatatu tarehe 18 ndipo barua yenu ikanifikia. Niliisoma nimesimama, nikakaa. Mama alisema maneno yake Jumanne tarehe 12. Siku mbili kabla. Nilirudia kuhesabu. Nikaenda kwenye jokofu nikasoma lebo ya yule bibi, nikahesabu tena. Jana nzima sikuweza kukaa peke yangu kwenye chumba cha rejista. Kila mlango wa jokofu ukilia nilihisi kuna mtu anataka kuniuliza soksi ya pili iko wapi.

Asubuhi hii, nikichonga penseli, woga ule ukaniacha, ukaja mwingine mbaya zaidi. Mama hakumwona bibi wa huku mochwari. Mwanamke mzee wa soksi moja, ambaye kitanda kinamshika mguu, yuko nyumbani kwako. Amelala kwenye kitanda cha mama. Amevaa nguo za mama.

Nijibu bila kuzunguka. Mnamfunga mama? Kwa kitu gani, na kwa saa ngapi kwa siku? Alama ipo? Kama ipo, pima upana wake kwa vidole, uniambie ni nyekundu au imeshakuwa nyeusi. Ana kidonda mgongoni? Nani anamletea maji?

Miaka minane nimekaa upande huu wa meza nikiwaangalia watu wanaosema "uzee" huku wanaangalia ukuta. Sikujua kwamba mmoja wao ananiandikia kila mwezi na kuniita wifi. Nisipopata jibu, nitampa Daktari barua zako. Yeye anajua pa kuzipeleka. Sitaki siku moja niandike jina la mama yangu kwenye rejista kwa mkono wangu, halafu nikuulize amekufaje.

Karani


Jumatano, 27 Mei

Wifi,

Barua ilipofika mama aliisikia karatasi. Masikio hayasikii kengele ya shule, lakini bahasha anaisikia. Akasema soma. Nikamwambia leo ni salamu tu, mama. Akasema, salamu haziwi nzito hivyo, soma bila kuruka.

Basi nikasoma. Nilianza na "barua hii usimsomee mama". Nikasoma soksi, nikasoma alama, nikasoma pale unaponiita mmoja wao. Nimesoma mashitaka yangu mwenyewe kwa sauti, mbele ya mtu niliyemkosea, na kila niliposhindwa aliniambia rudia. Wewe umesoma mpaka kidato cha nne, mimi niliishia la saba, lakini sidhani shuleni kwenu walikufundisha adhabu kama hiyo.

Sasa majibu, bila kuzunguka.

Ndiyo. Namfunga.

Kwa kipande cha shuka la zamani, nimekipinda mara tatu na kukishonea pembeni kisikwaruze. Ncha moja mguuni juu ya soksi, ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda. Kinafika dirishani, kinafika kwenye ndoo na kwenye jagi la maji. Hakifiki mlangoni. Kaka yako ndiye aliyepima urefu. Kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ninapokwenda kiwandani, mpaka saa kumi na moja jioni. Alama ipo. Upana wa vidole viwili. Nimepima kama ulivyosema. Ni nyekundu. Mgongoni hana kidonda, namgeuza mwenyewe.

Hukuniuliza kwa nini, kwa hiyo nakuambia bila kuulizwa. Amejitoa mara tatu. Mara ya kwanza walimkuta sokoni. Mara ya pili kituo cha mabasi, ameketi na blanketi limekunjwa vizuri mapajani, akimwambia kondakta, "Mimi nauli sina, lakini nina blanketi la binti yangu." Mara ya tatu alikuwa katikati ya barabara kubwa, anakwenda linakotokea jua, na lori likafunga breki mpaka tukasikia nyumbani. Dereva alishuka akakaa chini barabarani. Kila mara nikimuuliza, mama, unakwenda wapi? Kila mara jibu ni lile lile. Kwa Karani. Yuko kwenye nyumba ya baridi, hana blanketi.

Hakuwahi kutoroka kwa ajili yangu, wifi. Hakuwahi kutoroka kwa ajili ya mwanawe. Anatoroka kuja kwako.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utakuja na kipimo. Jirani alimwangalia wiki mbili akachoka. Nikiacha kazi, watoto wale nini, uzi?

Nina swali moja kwa Daktari wako anayejua pa kupeleka barua. Anaona alama ya aliyemfunga mzee. Ya yule ambaye hakuja miaka minne anaionaje? Ipo sehemu gani ya mwili?

Mama anataka kuongeza neno:

Mwanangu, mke wa kaka yako analia na anaandika, usishangae herufi. Mimi nilimwambia aweke soksi. Anayenifunga namjua harufu ya mikono yake, ni sabuni na uzi. Wewe nakujua kwa karatasi. Yule bibi aliyefika kwako, alikuambia nini?

Wifi


Jumapili, 31 Mei

Dada,

Nimerudi jana, nimemkuta mke wangu hali chakula. Nimezisoma barua zote.

Mimi si mwandishi. Shangazi aliyetupa kikombe chako alikufa miaka miwili iliyopita. Uliandika pole, hukuja. Kwa hiyo habari ya kikombe tuiache, aliyekitupa hayupo na shimo limefukiwa.

Ukiona tunamtesa, njoo umchukue. Huwezi, basi usitupimie vidole. Jumamosi niko nyumbani.

Kaka yako


Ijumaa, 19 Juni
Asubuhi kavu, upepo kidogo, anga safi.

Wifi yangu,

Leo ni siku ya kumi na nne tangu nimchukue mama. Nimekaa na maneno yako mfukoni nikitafuta namna ya kuomba msamaha. Pale kwenu nilishindwa. Ulinipokea, ukanimiminia chai, ukaniwekea kikombe chenye ua jekundu, ukasema, "Hiki hakitupwi, ni cha seti." Nilicheka badala ya kulia. Nilikuona unakunja kile kipande cha shuka, unakiweka kwenye mkoba wake chini ya nguo. Nilikitoa nikakiacha juu ya kitanda. Nisamehe kwa hilo pia, nilifanya makusudi uone.

Nimepewa likizo ya siku ishirini na moja. Nimepanga kila kitu. Mlango una komeo la juu asilolifikia. Kitanda changu kiko ukutani, chake dirishani. Saa moja uji, saa nne tunatembea mpaka kwenye duka la kona na kurudi, saa saba analala. Mguu napima kila asubuhi: wekundu umepungua upana wa nusu kidole. Soksi nimemvua. Wageni wake hawajamfuata. Nilimuuliza, akasema njia ni ndefu na wao hawana viatu.

Daktari alikuja kumsalimu. Mama akamshika mkono akaunusa, akasema, "Huyu ananuka subira." Daktari amefurahi, analitangaza kazini kama cheo.

Nikirudi kazini tarehe 29, mjane wa chumba cha pili atakaa naye mchana. Nimemwandikia ratiba. Unajua nina tabia kila siku kufunga ukurasa wa shajara kwa saa niliyolala, naijaza asubuhi yake. Wiki hizi mbili zote ni saa nne, saa nne na nusu. Sijalala hivyo miaka mingi. Nathubutu kusema inawezekana, wifi. Inataka mpango tu.

Wako,
Karani


Alhamisi, 25 Juni

Wifi mtu wa mpango,

Nimecheka. Nimemsomea kaka yako pale kwenye komeo la juu, akasema mwambie mama alikuwa anaezeka paa kabla sisi hatujazaliwa.

Sikubezi. Mimi pia siku kumi na nne za kwanza nilikuwa malaika, waulize majirani. Siku ya kumi na tano ndiyo yenye meno. Anaamka saa ngapi? Kwangu alikuwa anaamka saa tisa usiku, anakaa kitandani, anavaa viatu vya hewa, visivyoonekana, kimoja baada ya kingine, na kufunga kamba zake. Akifika kwenye kufunga kamba, usilale tena.

Kuhusu kile kitambaa, nilikiona juu ya kitanda. Nilikifua, nikakipiga pasi. Sijui nilikuwa namfulia nani.

Jambo lingine. Nilipogeuza godoro lake nimekuta soksi ya pili. Mwaka mzima nimeitafuta. Ilikuwa imeviringishwa ndogo kama yai, na ndani yake barua zako zote, amezikata vipande vya upana wa vidole viwili. Sijui alikata na nini. Vinatosha kuzunguka mguu. Nilijaribu kwangu.

Nakutumia soksi kwa basi la Jumatatu. Barua nimebaki nazo, usiniulize sababu. Nimekufungia na kitambaa. Utakitupa mwenyewe.

Msalimie mama. Nyumba kimya. Watoto wanasema hawapendi kimya hiki.

Wako,
Wifi


Alhamisi, 2 Julai
Asubuhi mvua nyepesi, upepo wa kusini. Baridi kuliko jana.

Wifi, ukurasa huu nimeuchana kwenye shajara kama ulivyo. Sina nguvu ya kunakili.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka kwenda kazini. Mama alikuwa amelala. Mjane aliingia, nikasikia komeo nyuma yangu. Anasema alisinzia "dakika moja". Simlaumu. Nimeijua dakika hiyo. Tangu Ijumaa mama anaamka saa tisa. Anavaa viatu vya hewa. Anafunga kamba. Nimekuwa nikikaa naye mpaka kunakucha, na kwenye shajara sehemu ya saa ya kulala nimeweka kistari siku sita.

Saa mbili na robo Mzee wa Zamu, yule anayepokea marehemu mlango wa nyuma, alikuja dirishani kwangu ameshika lebo na uzi.

"Karani, kuna mmoja kwenye machela. Hana karatasi. Nimemuuliza nani kamleta."

"Umemuuliza nani?"

"Yeye mwenyewe."

Nikadhani ni mzaha wa asubuhi. Nikamwangalia, akaiweka ile lebo mezani kwangu, haina jina.

"Amejibu?"

"Amesema amekuja mwenyewe. Amesema nisogeze wengine, blanketi linatosha."

Sikukimbia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na sielewi kwa nini. Nilifunga rejista kwanza, nikaweka penseli mahali pake. Mama alikuwa amelala chali kwenye machela ya chuma, mikono imenyooka, miguu pamoja, kama wanavyolala wote hapa. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Nguo zimelowa. Mguu wa kushoto amevaa ile soksi ya pili, ndani nje. Basi lilileta bahasha yako jana, nami sikujua kwamba yeye ameshaifungua. Blanketi lilikuwa juu ya kifua, limekunjwa vizuri, kavu kabisa. Alikuwa amelibeba chini ya gauni ili lisilowe.

"Umechelewa kutoka," akaniambia. "Wenzako wote wamelala."

Daktari alikuja. Hakusalimia waliolala leo. Alimpima mapigo, akamfunika. Kisha, kwa mazoea ya miezi hii, mkono wake ukashuka kwenye kifundo cha mguu, ukaivua soksi. Ule wekundu umeshafifia, lakini kwa jicho lake ilitosha. Akaniuliza kama anavyowauliza wote, bila ukali.

"Nani anaishi naye?"

"Mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, Daktari. Naandika."

Sikuangalia ukuta, wifi. Nilitaka sana. Sasa najua kwa nini wanauangalia. Ukuta haukuulizi la pili.

Alimrudishia soksi mguuni. Akasema kumi na mmoja sasa wamekuwa kumi na sita, na kila mmoja alikuwa na mtu mmoja tu. Hajapata mzee mwenye alama ambaye nyumbani kwake palikuwa na watu wawili wa kupokezana. Nikamwambia kuhusu swali lako, lile la alama ya ambaye hakuja. Hakufanya mzaha. Akasema ipo, yeye huiona kila siku. Ni ile alama ya kamba. "Tunadhani ni ya mtu mmoja," akasema. "Anayefunga anashika ncha moja tu."

Mchana nimempeleka mama nyumbani kwa gari la mochwari, hakukuwa na jingine. Alifurahi njia nzima. Aliwauliza wageni wake nyuma kule kama wamekaa vizuri.

Wifi, mimi siwezi peke yangu. Na wewe hukuweza peke yako. Nimemwomba Daktari zamu za nusu mwezi, amekubali. Nusu mwezi nitakaa kwenu na mama, nilale na watoto, ninywee kikombe cha seti. Nusu mwezi nyingine mtakuwa wewe na kaka, na kaka akatae safari moja. Hata hivyo hatutatosha. Lakini tutakuwa zaidi ya mmoja. Nikubalie kwa barua, na barua hiyo msomee mama kwanza kabla hujaituma, hata kama hayupo.

Usiku huu bado ni wa mimi na yeye. Saa tano amekaa kitandani akaanza viatu. Cha kushoto. Cha kulia. Alipoinama kufunga kamba niliichukua bahasha yako, aliyoiacha wazi. Kitambaa bado kina mstari wa pasi. Nilimvalisha soksi zote mbili, akashukuru, akasema yule bibi sasa atatulia. Nikamzungushia mguuni kama ulivyoshona, upande laini ndani. Mikono yangu ilijua fundo. Nilitafuta mguu wa kitanda gizani.

Halafu sikufunga kwenye kitanda. Nilivuta kitanda changu mpaka vikagusana, nikafunga ncha ya pili kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, wa kuandikia. Akisimama nitasimama. Akivuta itakata huku na huku, na siku Daktari akitufunua, atupime wote wawili.

Amevuta mara moja tu. Nikavuta na mimi. Akasema, "Nani huyo?"

"Karani."

"Umekuja?"

"Nimekuja, mama."

Akalala. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi ziko hivi.

Nimelala saa nane kasorobo.